Sylus, Mtu wa Kukubali

Sylus ni ndugu mdogo wa mke wangu. Walizaliwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mama yao alikufa Sylus akiwa bado ananyonya, basi Jedidah akamlea mgongoni. Nilipomwoa Jedidah na kumleta huku Ndara, Sylus alikuja nyuma yetu na fimbo yake ya kuchungia. Nikamuuliza anarudi lini. Akasema mbuzi wa huku wamenona. Hakurudi tena.

Hakuoa. Tukimuuliza anasema mbuzi wana kelele za kutosha.

Miaka zaidi ya thelathini amechunga mbuzi wa watu kule ranchini. Boma lake ni la miiba, na kibanda kimoja ambacho mtu mrefu hawezi kusimama ndani. Ndovu hupita karibu hapo wakienda kunywa. Anawajua. Kuna mmoja mwenye sikio lililochanika, anamwita Chifu, kwa maana haondoki mpaka aone watu wote wamenyamaza.

Nataka niseme alivyo, kwa sababu yaliyompata yalitoka katika tabia yake.

Sylus ni mtu wa kukubali. Mbuzi wakila mahindi ya mtu, na haijulikani ni mbuzi wa nani, Sylus husimama. "Ni wangu. Nisameheni." Siku nyingine mbuzi wake walikuwa mbali kabisa, upande wa reli, na sote tunajua. Lakini ameshasema. Mwenye shamba anapoa, watu wanakunywa chai, wanaenda nyumbani.

Sisi Wadawida tuna kutasa. Hasira ikikaa moyoni mwa mtu huleta ugonjwa katika nyumba, hata mvua hukataa. Basi mnaketi. Unachukua maji ya muwa mdomoni, au maji tu, unayapuliza nje, unasema lililo ndani yako. Ukishasema, limetoka. Hakuna wa kukufuata nalo tena. Anayenyamaza ndiye wa kuogopwa. Huyo amefunga kitu.

Siku hizi kanisani hawapendi mambo hayo. Lakini wazee tunajua, na Sylus anajua kuliko sisi. Yeye huwa wa kwanza kusema, hata kama hana la kusema.

Jambo moja hakulifanya. Mali ya mtu hakusema ni yake. Aliwahi kuokota sindano ya kushonea magunia njiani, akazunguka nyumba saba kuuliza mwenyewe. Kosa la mtu alilibeba. Sindano ya mtu, hapana.

Jedidah hiyo tabia ya kukubali ilimuudhi.

Mke wangu aliuza chai na mandazi pale Voi, karibu na lango la korti, miaka kumi na minne. Alisoma mpaka darasa la nne. Mimi darasa sikuliona. Lakini yale ya korti hakuyapata darasani. Aliyapata kwa watu waliotoka mle ndani wakanunua chai, na kwa waliomwachia mtoto awashikie wakati wanaingia, kisha hawakutoka. Mawakili pia walikunywa chai yake. Akiona jambo halieleweki aliuliza, na kama wakili ana deni la mandazi alijibu vizuri.

Jioni alituambia. Askari akikushika akwambie kwa nini, na kwa lugha unayoisikia. Usikae seli zaidi ya siku moja bila kuona hakimu, labda korti iwe imefungwa. Una haki ya wakili. Una haki ya kunyamaza, na kunyamaza kwako kusihesabiwe kuwa kosa. Huna hatia mpaka wao wathibitishe. Si wewe uthibitishe. Wao.

Hapo kwenye habari ya kunyamaza, Sylus alicheka. "Sasa mtu akinyamaza, watajuaje moyo wake?"

"Hawataki moyo wako," Jedidah akasema. "Wanataka ushahidi."

"Hiyo ni korti ya watu wasiojuana."

"Ndiyo. Sikia wewe. Kule hawatasi. Kule ukisema ni kweli, karani anaandika, unaenda ndani. Hakuna wa kupuliza maji. Siku moja utakubali kifo cha ndovu, Sylus."

"Kama italeta amani, dada."

"Amani ya nani, mjinga wewe?"

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka.

Jedidah alifariki mwaka juzi, mwezi wa sita. Ni figo. Tangu hapo nyumba ina upande wangu na upande wake. Upande wake siketi.

Wiki ya mwisho alimwita Sylus kitandani. Tulikuwa sisi watatu. Mwana wetu Derrick, hatuna mwingine, alikuwa Kishushe, kwenye machimbo, alisema atakuja Jumapili. Jedidah akamwambia ndugu yake, "Derrick ana baba asiyeongea. Umtazame."

Sylus akasema, "Nimesikia, dada."

Mimi nilikuwa pale mlangoni na sikusema kitu.

Derrick alikuja kwa maziko. Alikuwa na pikipiki mpya na viatu vya bei. Sikujua machimbo yanalipa hivyo. Alikaa siku nne. Alipoondoka alifunga nyuma ya pikipiki magunia mawili ya mama yake, yakiwa matupu. Nikadhani anataka ukumbusho.

Magunia hayo lazima niyaeleze. Pale posho mill, tunakosaga mahindi, magunia yote yanafanana, na wanawake hubadilishana kwa bahati mbaya au kwa kusudi. Kila mmoja ana alama yake. Jedidah alifumua sweta kuukuu ya kwaya, nyekundu, akashona pembe moja ya kila gunia kwa uzi huo. Mshono wake ulikuwa wa kurudi nyuma, wa kubana, kama meno ya panya. Hakuna mwingine aliyeshona hivyo.

Mwaka huu, mwezi wa pili, askari wa wanyamapori walifika bomani kwa Sylus asubuhi, akiwa anakamua. Walijua pa kwenda. Mtu alikuwa amewaambia. Waliingia kibandani moja kwa moja, wakatoa gunia la magadi ya kulambisha mbuzi, wakalimwaga. Ndani ya magadi mlikuwa na vipande viwili vya pembe za ndovu.

Mchungaji mwenzake aliniambia ilivyokuwa. Askari hawakuwa wamefungua mdomo. Sylus aliweka kibuyu cha maziwa chini akasema, "Ni zangu."

Mkubwa wao akamwambia, "Mzee, ngoja. Una haki ya kunyamaza."

"Nimemaliza," Sylus akasema. "Mbuzi hawajanywa maji. Naweza kuwapeleka kwanza?"

Wakampeleka Voi.

Nilifika kituoni mchana huo. Waliniruhusu kumwona. Alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Shemeji," akasema, "mbuzi wamekunywa?"

"Wamekunywa. Sylus, pembe zimetoka wapi?"

"Ni zangu."

"Wewe hata nyama ya digidigi huli. Zimetoka wapi?"

Aliniangalia sana. Kisha akaangalia ukuta. "Shemeji, wewe si mtu wa maneno. Usianze leo."

Nilijua kuna jina ambalo hataki nilisikie. Na mimi sikuuliza tena. Nataka hilo lijulikane. Sikuuliza.

Pale nje kulikuwa na wakili, binti anayeitwa Rachel. Alikuwa akija siku fulani kusaidia wasio na uwezo, bila malipo. Alinijua. "Wewe ni mume wa mama mandazi," akasema. "Aliniokoa na njaa nikiwa mgeni hapa." Akaomba kumwona Sylus, akaingia, akatoka upesi.

"Amenikataa," akasema. "Anasema hana neno na mimi, na nisipoteze nauli."

"Kesho itakuwaje?"

"Atasomewa shitaka. Akisema si kweli, hajasema uongo, mzee. Maana yake ni, nithibitishieni. Kesi itasikilizwa. Akisema ni kweli, imeisha hapo hapo. Kwa pembe za ndovu ni miaka mingi. Umri wake, sijui kama atatoka."

Nililala kwa mtu Voi. Sikurudi nyumbani.

Asubuhi korti ilijaa. Hakimu alikuwa mama, mwenye miwani, sauti ya chini. Karani alikuwa Rita, ambaye kwao ni kule milimani, na ndiye aliyetafsiri. Rachel aliketi mbele, mkoba magotini, ingawa hakuwa na mteja. Mimi nilikaa benchi la nyuma.

Rita akasoma shitaka kwa Kidawida, polepole. Alilisoma kama habari za kifo zinavyosomwa.

"Umeelewa?" hakimu akauliza.

"Nimeelewa."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Hakimu hakuandika. Aliondoa miwani. "Sikiliza vizuri, mzee. Kosa hili si dogo. Adhabu yake ni kifungo kirefu, na faini ambayo watu wengi hawaiwezi. Una haki ya wakili. Una haki ya kupewa muda ufikirie. Bado unasema ni kweli?"

Rita alitafsiri yote. Mwisho aliongeza lake, kwa sauti ndogo, "Baba, fikiria."

"Ni kweli," Sylus akasema. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Niliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao kwenye mahindi ya watu. Alikuwa anangoja mtu amwambie yameisha, aende nyumbani.

Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akasimama kueleza yaliyotokea. Siku fulani, mahali fulani, mshtakiwa alikutwa na vipande viwili, uzani wake hivi, vikiwa vimefichwa ndani ya gunia lake. Akaliinua gunia juu, korti ilione.

Kwenye pembe yake palikuwa na uzi mwekundu.

Benchi lilikuwa la mbao, nikalishika kwa mikono miwili.

"Yaliyosomwa ni sahihi?" hakimu akauliza.

Sylus alikuwa akilitazama gunia. Nadhani kule kibandani, kwenye giza na magadi, alama hakuwahi kuiona. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Pembe ni zangu," akasema. "Gunia si langu."

"Ni la nani?"

"La dada yangu. Huo ni mkono wake."

Kisha akajifunika mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyeangusha kibuyu cha wengine.

"Dada yako ndiye aliyeleta pembe hizi?"

"Dada yangu amekufa."

"Sasa gunia lilifikaje kwako?"

Ni mara ya kwanza maishani nilimwona Sylus akinyamaza mbele ya watu.

Hakimu akakata alichoandika. "Huku si kukiri. Mshtakiwa anakubali na kukataa kwa pamoja. Korti inaandika si kweli. Kesi itasikilizwa."

"Lakini mimi nimekubali!" Sylus akapaza sauti. Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Mzee huyu anaililia jela kama mtoto anavyolilia titi." Hakimu akagonga meza.

Rachel alikuwa ameshasimama. Akaomba amwakilishe, akaomba dhamana. Mwendesha mashtaka akapinga. Hakimu akasema dhamana itasikilizwa wiki mbili zijazo, mpaka hapo akae rumande. Wakati wanaongea, askari mmoja wa upelelezi aligeuka akapitisha macho kwenye mabenchi, mtu mmoja mmoja. Alipofika kwangu hakupita haraka.

Niliinamisha kichwa.

Nilimtembelea rumande Jumatano iliyofuata. Alikuwa amekonda.

"Nimeharibu, shemeji," akasema. "Nilitaka iishe."

"Hukuharibu."

"Nilimwahidi Jedidah."

"Alisema umtazame. Hakusema ufungwe kwa ajili yake."

Tulikuwa tumeshalisema, bila jina. Sylus akatikisa kichwa. "Aliniambia ni magadi, nisifungue. Nikajua. Magadi hayana uzito ule." Kisha akaniuliza, "Na yeye yuko wapi?"

"Simu imezimwa."

"Basi iache imezimwa. Mimi nimeshazeeka. Yeye bado."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo.

Derrick alikuja Ijumaa, saa sita mchana, kwa miguu. Pikipiki sikuiona. Hakusalimu. Alipita kaburi la mama yake kama mtu anavyopita kisiki.

"Baba, yako wapi magunia ya mama?"

"Stoo."

"Mangapi?"

"Matano."

"Tuyachome. Wanauliza uzi mwekundu huko chini. Wameuliza mpaka posho mill."

Nikamwambia aketi. Hakuketi. Nilikuwa na muwa, nikaumenya, nikautwanga, nikakamua maji yake kwenye kikombe. Alisimama tu akinitazama, anatazama na barabara. Nikachukua maji mdomoni, nikayapuliza chini, nikasema hasira yangu kwake, yote, tangu viatu vile. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja. Kisha nikampa kikombe.

"Sema," nikamwambia. "Litoke. Kisha tutashuka Voi pamoja, mimi na wewe."

Derrick alicheka kidogo. "Mimi nina haki ya kunyamaza, baba. Si mama mwenyewe alitufundisha?"

"Mjomba wako alisema ni kweli mara mbili kwa ajili yako."

"Sikumtuma. Yeye huko anakula bure, hana mke hana mtoto. Mimi nikiingia, wale walionipa mzigo hawatangoja korti. Unaelewa? Unataka kuzika mara mbili?"

Aligeuka tena kutazama barabara, na ni mwanangu. Nikaona mkono wake ni mkono wa mama yake, vidole vile vile virefu. Kikombe kilikuwa bado kati yetu.

"Haki hiyo unayo," nikamwambia. "Mama yako angekwambia unayo. Hakuna atakayekupasua mdomo. Lakini mimi sikushikwa na mtu. Mimi nilinyamaza kwa kupenda."

Niliingia stoo kabla yake. Magunia manne niliyaacha juu. La tano nililikunja nikalitia ndani ya shati, juu ya ngozi. Nilipotoka alikuwa mlangoni ameshika kiberiti.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nashuka barabarani."

Hakunizuia. Hakuja pia. Nilitembea mpaka kwenye kona ya njia penye mikonge, nikageuka. Moshi ulikuwa umeanza, mweupe kwanza, kisha mweusi. Sikujua kama ni magunia peke yake au ni stoo nzima, na upande wa Jedidah uko ukuta mmoja na stoo. Nilisimama. Nikataka kurudi. Kwenye lami kulikuwa na gari jeupe limesimama, milango wazi, wanaume wawili ndani wasioshuka. Waliangalia moshi. Waliniangalia mimi. Mmoja akaniuliza kama kwa Derrick ni juu huko.

"Huko hakuna mtu," nikasema.

Hawakuondoka. Nami sikujua ni askari au ni wale wengine. Nikapanda gari la kwanza la kwenda Voi.

Rachel ana ofisi ndogo nyuma ya duka la dawa. Nilitoa gunia nikaliweka mezani. Aligusa mshono, kisha akaondoa mkono.

"Naomba upige simu polisi kwanza," nikamwambia. "Waende nyumbani kwangu. Wamkute mwanangu kabla ya wengine."

Alipiga. Alisema jina la kijiji mara mbili. Kisha akavuta karatasi, lakini hakuandika.

"Mzee, lazima nikwambie. Mimi ni wakili wa Sylus. Utakachosema kitamsaidia yeye. Derrick kitamuumiza. Akishikwa ataambiwa kosa lake, atatafutiwa wakili wake, atahesabiwa hana hatia mpaka ithibitike. Hayo yote ni yake kama yalivyo ya Sylus. Lakini wewe, ukiitwa na korti, itabidi useme mbele yake. Baba hana ruhusa ya kukataa kwa sababu ni baba. Na leo hulazimishwi na mtu. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Niliyasikia kwa mama yake."

"Utasema?"

Simu yake ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaikata bila kunitazama. "Wamefika. Wanazima moto. Bado hawajaona mtu."

Akanimiminia maji kwenye glasi. Nikachukua maji mdomoni, nikayashika hapo. Sakafu yake ilikuwa safi, ya saruji nyekundu iliyopigwa polishi. Hakuna mahali pa kupuliza.

Nikameza. Kisha nikaanza kusema.